Vidonge vya Miezi Mitatu

Mashavu alishuka kwenye basi pale Mashewa akiwa na mimba ya miezi miwili na maneno aliyoyapanga njia nzima kutoka Korogwe. Alipofika kwenye kona ya shamba la ujamaa, maneno yote yalikuwa yameshamtoka. Aliogopa kufika nyumbani, na aliogopa kuonekana amesimama njiani.

"Ulisahau kumeza," nesi Rosa alikuwa amemwambia asubuhi ile, na wala hakuwa anauliza.

"Sikusahau hata siku moja. Vilikwisha baada ya wiki sita."

"Haviwezi kwisha kwa wiki sita, Mama Mhina. Nilikuhesabia vya miezi mitatu, mbele ya macho yako."

Kweli alihesabu. Mashavu aliviona vikifungwa kwenye kipande cha gazeti. Lakini kweli pia vilikwisha, na vilipokwisha masika yalikuwa yamechachamaa, mto umebeba daraja, na basi halikuonekana tena Mashewa mpaka mwezi wa sita. Mimba haingoji daraja.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa kifo. Uzazi wa mtoto wa tano alibebwa kwa machela hadi barabarani, damu ikidondoka njia nzima. Daktari alimweleza waziwazi, wakiwa wawili tu chumbani: kizazi kimechoka, kikibeba tena kitapasuka. Neno hilo Mashavu alilimeza akarudi nalo kimya. Alijua mke asiyezaa tena huletewa mwenzake, na mama mkwe wake, Bi Swaumu, hakuwa mtu wa kuficha. "Nyumba hii bado ina nafasi ya wajukuu," alikuwa akisema kila akimwona Mashavu anamwachisha mtoto ziwa.

Hofu ya pili ilikuwa Sadala, mumewe. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na anayenyamaza humjui mpaka siku yake. Bibi afya alipokuja kijijini kuhutubia juu ya uzazi wa majira, mwanamume mmoja alisimama akasema mke atakayemeza vitu hivyo kwa siri, kesho yake yuko kwa baba yake na talaka mkononi. Wanaume walicheka. Sadala hakucheka, wala hakupinga. Alitazama ardhi mpaka mkutano ukaisha.

Basi Mashavu akavificha vidonge ndani ya kibuyu cha mbegu za maboga, juu ya dari ya jikoni. Kila alfajiri, Sadala akiwa msikitini, alimeza kimoja kisha akachukua ndoo kwenda kisimani. Vilipoanza kupungua upesi alidhani ni panya. Kisha akadhani ni Bi Swaumu, anavitupa kimoja kimoja ili apate mjukuu wake. Angemvizia, lakini siku zile Sadala naye aliumwa. Kila asubuhi alisukuma uji pembeni, kichefuchefu kimemshika, na kifua kilimuuma hata hakuweza kubeba gunia. Shambani wenzake walimtania kwamba safari hii atazaa yeye. Zahanati alikataa kwenda. Baadaye, katikati ya masika, ugonjwa ukamwacha wenyewe, navyo vidonge vikawa vimekwisha.

Sasa, alipofika nyumbani, alimkuta Sadala uani, anatia jembe mpini. Bi Swaumu alikuwa amekwenda msibani na watoto. Hapakuwa na mtu wa kumkimbilia.

"Shikamoo, Baba Mhina."

"Marahaba. Korogwe wasemaje?"

Mashavu alikaa chini kabisa, kwenye udongo.

"Nina mimba."

Jembe lilimponyoka Sadala. Alimtazama tumboni, kisha usoni, na uso wake ukabadilika rangi.

"Haiwezekani," alisema.

Hii sasa ilikuwa hofu ya tatu, ambayo Mashavu hakuwa hata ameifikiria: anadhani ni ya mwanamume mwingine. Kifo na talaka vilikuwa vimemtosha, na sasa anaongezewa aibu.

"Wallahi ni yako, Baba Mhina. Nikuletee msahafu niushike. Sijamjua mwingine tangu uliponioa."

"Haiwezekani," Sadala alirudia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Hapo ndipo Mashavu alipoyamwaga yote: daktari na kizazi kilichochoka, nesi Rosa, kibuyu cha mbegu, vidonge vilivyokwisha kabla ya wakati. Alizungumza huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayengoja fimbo. "Nimekuficha, nimekosa," alimaliza. "Ukitaka kuniacha, niache. Lakini nisaidie nisife."

Fimbo haikuja. Sadala alikuwa amekaa naye udongoni, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Ya daktari niliyasikia," alisema. "Nilikuwa nje ya dirisha. Na vidonge niliviona siku ile ile ulipovileta, nikamshukuru Mungu, nikanyamaza usije ukaona haya. Lakini dawa ya uzazi hainywewi na mtu mmoja, Mama Mhina, hata wazee wetu walituonya, mume na mke hunywa pamoja ndipo ishike. Kila alfajiri, wewe ukishakwenda kisimani, na mimi nilimeza changu."