Kitaa cha Chambuso

Tangu simu zote za kiwandani ziunganishwe, kila jina kwenye skrini lilikuwa na kitaa cha kijani. Wafanyakazi walikwisha kujua kwamba anayefukuzwa, kitaa chake huzimika kwanza, ndipo huitwa ofisini.

Asubuhi hiyo, wakinywa chai, Salme aliona cha Chambuso, shemeji yake aliyeketi mbele yake, kimezimika.

"Shemeji, mbona wanikodolea macho? Nimeota pembe?"

Salme aliilaza simu yake kifudifudi mezani.

"Kunywa chai, itapoa."

"Ngoja kwanza uone nyumba yangu. Jana mafundi wamemaliza msingi!"

Chambuso akaitoa simu yake ya kazini, akabonyeza. Haikufunguka.

"Mafuta ya maandazi haya," alisema akicheka. Akakifuta kidole kwenye shati, akabonyeza tena.