Diski Isiyochongwa

"Mzee, wewe chonga tu! Mtaa mzima wa Gerezani diski zikikwaruzika zinachongwa upya, yangu ina nini?" alifoka kijana mwenye gari la michezo.

Fundi Tarsis aliinyanyua diski ya breki ya lile gari kwa mkono mmoja, nyepesi kama ungo. Akaigonga kwa ukucha, ikalia kama sahani. Ukingoni ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hii ni kaboni na kauri, bwana mdogo. Inahimili moto kuliko chuma, lakini ikishapata ufa haichongwi, inatupwa. Siku utakayokanyaga breki ukiwa kwenye mwendo, itakupasukia."

"Kauri? Kwani nimekuletea vikombe vya chai?"

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Nipe, nampelekea fundi wa jirani. Yule hasomi vitabu, anafanya kazi."

Masikio ya Tarsis yakawaka. Miaka arobaini ya breki, leo anachekwa! Akatupa jicho kwenye benchi: mke wa yule kijana alikuwa akimnyonyesha mtoto, akisubiri gari liwarudishe nyumbani.

"Nipe diski yangu, mzee!"

Tarsis akailaza sakafuni, akachukua nyundo kubwa.

"Kampelekee vipande," alisema, akaishusha nyundo juu ya diski.