Kumsifia Bosi

"Msifie sasa hivi, kabla hajainuka," alisema mwalimu wa mbwa.

Mzee Asajile alimkodolea macho. Bosi, mbwa aliyerarua suruali za majirani mpaka mwenyekiti wa mtaa akatoa onyo la mwisho, alikuwa ametulia kitako katikati ya ua.

"Nimsifie nini? Si amekaa tu!"

"Amekaa kwa sababu umemwambia, mzee. Asiposikia neno zuri kwako, atajuaje kama amepatia?"

Mzee alikohoa. Kufoka alikuweza, lakini kusifia hakukuzoea. Akachuchumaa taratibu, magoti yakimuuma, akamwekea Bosi kiganja kichwani.

"Vizuri," alisema. "Umefanya vizuri sana, mwanangu."

Mkia ukafagia vumbi.

Kwenye kamba ya nguo, Sekela, bintiye aliyempikia na kumfulia tangu mama yake afariki, alikuwa ameinua shuka lililolowa. Hakulianika; alikuwa akimtazama baba yake. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

Mzee aligeuka, akamwona. Akainuka kwa shida na kuanza kuuvuka ua, kiganja chake kingali kimekunjuka.