Tope la Ziwa Kinyamvuu

Mwanamkasi hakubisha hodi, wala hakutoa shikamoo. Aliitupa ripoti juu ya meza ya Dakta Rehani, mkuu wake wa kazi, karatasi zikatawanyika hadi sakafuni.

"Umeandika 'haiaminiki'. Kwa nini?"

Dakta Rehani alivua miwani. "Kaa kwanza, binti yangu."

"Sikai."

Miezi mitatu alikuwa ameinamia hadubini, akichambua tope alilolichimba chini ya ziwa Kinyamvuu, bara ya Makurunge. Ndani yake alikuta visukuku vya vijidudu vya baharini, magamba madogo kuliko punje ya chumvi. Kwake maana ilikuwa moja: zamani za kale mkono wa bahari ulifika hadi pale, na chumvi yake ingali ardhini. Miwa isingeota. Na wakubwa wa mradi wa miwa walikuwa wamekwisha kuwaamuru watu wa ziwani wahame.

"Tope la ziwani hulala tabaka juu ya tabaka," alisema Dakta Rehani taratibu. "Hili lako ni uji mtupu. Lilikaa wapi kabla ya kufika hapa?"

"Lori liliharibika. Mabomba ya tope yakabaki siku mbili barazani kwa Bi Chausiku, kule ziwani, nami nikaenda Bagamoyo kutafuta fundi. Barabara ile ungepita wewe, nawe ungekuwa uji."

"Rudi ukachimbe tena."

"Tingatinga linaingia wiki ijayo! Na wewe unajua. Unawaogopa wakubwa, basi."

Mzee akavaa tena miwani, akarudia kazi yake. Jambo hilo lilimchoma Mwanamkasi kuliko tusi. Alimkumbuka Bi Chausiku, mkulima wa mpunga aliyempikia wiki nzima, akikaa naye jikoni na kumuuliza, "Na ukivikuta hivyo vidude vya bahari, itakuwaje?"

"Hamtahama, mama. Miwa haikubali chumvi."

Alikuwa ameahidi. Akaokota karatasi zake, akaondoka bila kuaga.

Kwenye kikao cha ardhi alisimama mbele ya wakubwa wote, akawaonyesha picha za yale magamba moja baada ya jingine. Dakta Rehani alipoitwa, alisema maneno machache tu: hawezi kuitia saini ripoti ile.

Mwanamkasi akamgeukia. "Mtazameni! Mtu mzima, mwenyeji wa pwani hii hii, yuko radhi kuona wenzake wakifukuzwa makwao ili yeye abaki na kiti chake!"

Ukumbi ulilipuka. Mzee akavaa kofia yake, akatoka peke yake.

Mradi ukahamishiwa kwingine. Kabla mwezi haujaisha, Dakta Rehani alipewa barua ya kustaafu. Siku ya kuondoka alimnyooshea Mwanamkasi mkono. Mwanamkasi akautazama, akaupita.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kinyamvuu. Mpunga ulikuwa umesimama kiunoni, na wanawake walimpokea kwa vigelegele. Bi Chausiku alimkumbatia hadi kilemba kikamwanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Umetuokoa."

Waliketi jikoni, wali wa nazi ukitokota. Lakini hasira ya Mwanamkasi ilikuwa haijaisha.

"Yule mzee alinidhalilisha, mama. Eti tope langu haliaminiki! Mimi, niliyelichimba kwa mikono yangu! Nimemwaibisha mbele za watu, na wala sijutii."

Bi Chausiku aliacha kupuliza moto. Alichungulia mlangoni, akarudi, akamshika goti.

"Basi roho yangu ilikuwa juu, mwanangu," alinong'ona. "Mtoto wa pwani kama wewe, nilidhani utalitambua kwa harufu tu lile tope la bahari la Mlingotini tulilokujazia kwenye mabomba yako."