Kisu cha Juu ya Mlango

King'ora kililia kabla Domitila hajaosha vyombo. Kote El Salvador sheria ni hiyo hiyo: kikilia, unatoka ulivyo, jiko lako linajazwa majivu, nawe huingii tena humo. Litachimbuliwa na watu ambao hawajazaliwa, wajue tulivyoishi.

"Nisuuze bakuli hili tu," alimsihi binti yake Nohemí, aliyeshika bomba la majivu. "Wataniona mchafu."

"Usiguse, mama! Yule mwanamke wa kale ambaye nyumba yake tuliifukua chini ya volkano, alama za vidole vyake bado zimo kwenye bakuli la uji. Na kisu alikichomeka juu, kwenye nyasi za paa, mikono midogo isikifikie. Ndivyo tulivyojua alikuwa na mtoto mdogo."

Domitila akatazama juu ya mlango. Kisu chake mwenyewe kilikuwa pale tangu Nohemí anatambaa.

"Na mwanamke huyo alitolewa jikoni kwake na nani?"

"Na mlima, mama."

Domitila alinyoosha mkono juu ya mlango. Kisha akakichomoa kile kisu, akakilaza sakafuni.

"Mama! Watadhani humu hamkuwa na mtoto."

"Haya," alisema akitoka. "Mwaga majivu yako."