Jumamosi za Mkurugenzi

"Ukianguka, nani ataendesha kiwanda?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

Mkurugenzi Mkuu aliitazama barua iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa na mistari mitatu tu: aache kuruka na parachuti kila Jumamosi, au aache kazi. Wajumbe saba wa bodi walikuwa wakiingoja kalamu yake.

"Mwezi wa tatu alikuja na kidole cha mguu kimevunjika," alidakia Makamu wake. Wafanyakazi walimwita Breki, maana hakuna jambo aliloliacha lipite.

"Nilitua vibaya."

"Na Jumatatu hii ulikuwa na alama shavuni."

"Mkanda wa kofia ule."

"Na simu je? Jumamosi nzima hupatikani. Ghala limejaa maji, tumekutafuta mpaka tumechoka."

"Ndugu yangu, mtu hawezi kuning'inia hewani huku anajibu habari za mabomba."

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mkurugenzi hakucheka. Kazi yake aliipenda. Lakini siku sita za juma alikuwa mali ya watu: simu alfajiri, vikao mchana kutwa, na Jumapili walimvizia hata mlangoni mwa kanisa wamweleze habari za mashine mbovu. Bila Jumamosi zile asingeumaliza mwaka. Hata daktari wake alikuwa amemwambia hivyo, bila kumung'unya maneno.

Akaisukuma barua katikati ya meza.

"Basi mpeni Breki kiti. Mimi siachi."

Breki aliinyoosha tai yake, akakaa wima. Wajumbe wakamtazama, kisha wakatazamana wao kwa wao, na hofu mpya kabisa ikawaingia.

"Tusiwe na pupa," Mama Mwenyekiti alisema. "Kiongozi mwoga naye ni hasara. Aruke tu. Ila tumwombee."

Wakasimama, wakainamisha vichwa. Mjumbe mzee kuliko wote aliomba dakika kumi na moja. Aliomba upepo uwe wa wastani, kamba zisikatike, na kama ni lazima zikatike, basi mja huyu apokelewe vizuri huko aendako. Mkurugenzi aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na aliitikia kwa moyo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, aliegesha gari uani kwa dada yake, mahali lisipoonekana kutoka barabarani. Akajitwika begi mgongoni, akagonga mlango wa jikoni taratibu.

"Wamekuruhusu?" dada yake alinong'ona.

"Wameniruhusu."

"Afadhali. Watoto nimewapeleka kwa jirani, redio nimezima, shuka nimebadilisha. Kalale, mdogo wangu. Nitakuamsha saa kumi na moja."