Ukili wa Marehemu

Tangu mama yake afariki, Mwanakombo hakuthubutu kuugusa ukili wa mkeka alioacha marehemu, umesukwa nusu, ukining'inia nyuma ya mlango. Ua la msuko wake, alisema, alilijua mama tu.

"Basi mwachie panya aumalize, shoga," alisema jirani yake Time, akaenda zake kisimani.

Maneno yalimchoma. Mwanakombo akaloweka kindu za kusukia, akaketi barazani, akaanza pale mama alipoachia. Ua likamkataa. Akafumua, akasuka, likamkataa tena. Mwisho akaacha kuliiga, vidole vikatoa ua jingine, lenye mabawa.

Time aliporudi alitua ndoo. "Hili si la mama yako."

"Si lake."

Time akalitazama weee. Kisha akaketi, akaanza kuukunja ukili taratibu kuanzia upande wa marehemu, ili shoga yake apate nafasi ya kuendelea.